“Lala chini, mikono juu”: dhana potofu kuhusu yoga jela

Nikimwambia mtu kwamba kila Jumatano asubuhi naenda jela kufundisha yoga, kwanza anacheka, alafu ananiangalia vile watu huwaangalia wauza dawa za miti shamba ndani ya matatu, alafu linakuja swali, na swali lenyewe ni mojawapo ya yale matano sita ambayo nishayasikia mpaka nimeyahifadhi kwa ghibu. Nimeulizwa kwa msusi, nimeulizwa matangani, shangazi yangu wa Kisauni ananiuliza kila Idi kana kwamba Idi iliyopita sikumjibu. Sasa nimeona niyaweke yote hapa na ukweli wake vile ninavyoujua, mengine ntayaandika kwa kirefu, mengine ntapita tu manake hayana mengi.

Kwanza tuelewane yoga ninayoisema. Sio zile picha za mtu amejikunja kama embe kavu huku nyuma kuna bahari. Ni saa moja, sana sana saa na robo, ya kunyoosha viungo polepole, kupumua huku unajua kwamba unapumua, na mwishoni kukaa dakika chache ukitazama kinachopita mwilini na kichwani bila kukikimbia wala kukifukuza. Hicho cha mwisho ndo wengine wanakiita maindifulnesi. Mie darasani nakiita “kuwa hapahapa”, manake mfungwa mwili wake uko pale kwenye saruji lakini yeye mwenyewe yuko nyumbani kwa watoto, yuko kwa hakimu, yuko kwa yule jirani aliyemchongea, kila mahali yuko isipokuwa hapo alipo.

“Hiyo si dini ya Wahindi?”

Hili huja la kwanza siku zote na sitaki kulijibu kwa ujanja. Kuna walimu wenzangu watakuambia yoga haina uhusiano wowote na dini, ni mazoezi tu kama kuruka kamba. Si kweli bana. Yoga imetoka India na imelelewa ndani ya Uhindu, Ubudha na Ujaini, na ukichukua maandishi ya Patanjali, mwandishi wa kale wa India, ambayo walimu wengi wanayashika kama msingi, vifungu vyake ni karibu 200 na vinavyozungumzia mikao ya mwili ni vitatu hivi, vilivyobaki ni habari za akili na roho. Kwa hiyo anayeuliza ana haki ya kuuliza. Anapokosea ni pale anapodhani kila anayenyoosha mgongo ameshaingia dini ya watu bila kujijua.

Wenye dini zao wenyewe walishalichambua hili. Baraza la maulamaa la Indonesia mwanzoni mwa 2009 lilisema yoga yenye mantra (yale maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa) na ibada za Kihindu ni haramu kwa Muislamu, ikiwa ni mazoezi matupu haina neno. Saudia mwaka 2017 wakaitambua kama mchezo, Saudia hiyohiyo. Upande wa Wakristo kuna mtawa Mkatoliki wa Canada, Sista Elaine MacInnes, aliyejifunza zeni, yaani kutafakari kwa Kibudha, kule Japani, akaenda Ufilipino akawafundisha kutafakari wafungwa wa kisiasa wakati wa yule dikteta Marcos, na kuanzia 1993 hadi 1999 akaiongoza Prison Phoenix Trust, shirika la Oxford lililoanza 1988 ambalo kazi yake ni hiihii ya yoga na kutafakari magerezani. Utawa wake hakuuacha.

Ila vitabu na fatwa ni kitu kimoja, na kukaa na watu sakafuni ni kitu kingine. Wiki ya tatu hivi nilikuwa naonyesha ule mkao wa mtoto, unapiga magoti, unakaa juu ya visigino, unainama mpaka paji la uso linagusa chini. Mama mmoja wa makamo, mtaratibu sana, hajawahi kunipa shida, akabaki ameketi wima. Nikamuuliza kama magoti yanamuuma. Akasema, “La, mwanangu, magoti mazima. Lakini hii ni sijida, na sijida yangu ina mwenyewe.” Sasa ungemjibu nini? Nikamwambia sawa mama, weka ngumi mbili moja juu ya nyingine, egemeza paji la uso juu yake, au kaa tu hivohivo. Akakaa hivohivo. Na kuanzia siku ile huo mkao nikauweka kwa njia mbili tatu tofauti tangu mwanzo, mtu achague bila kulazimika kujieleza mbele ya watu. Hatuimbi mantra, hatusemi namaste, wala hakuna ubani wala mshumaa, na si kwamba vitu hivo ni vibaya, ni kwamba mtu aliyefungwa hana mlango wa kutokea akiona kitu hakipendi.

Na wanaosema ni ushetani, hao nawaacha na yao.

“Ni mambo ya Wazungu”

Huwa nacheka manake mtu huyohuyo amemaliza kusema ni ya Wahindi. Lakini naelewa anatoka wapi, mjini yoga imekuwa ni ya leginsi za bei na kahawa ya maziwa ya lozi, ukipita Nairobi kule Westlands au Karen utadhani ni mali yao. Historia yenyewe iko vingine. Mwaka 1908 Waingereza walimkamata Aurobindo Ghose, mpigania uhuru wa India, kwa kesi ya mabomu, wakamweka jela ya Alipore kule Calcutta kama mwaka mzima, na humo ndani ndimo alimozama kwenye yoga, alipoachiwa 1909 alikuwa mtu mwingine. Jela ya Jaipur, India, iliingiza mafunzo ya vipassana, kutafakari kwa kukaa kimya, 1975, na S.N. Goenka aliyekuwa akiyafundisha alizaliwa Burma. Hapa kwetu walimu wengi wa Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi 2007, ni vijana wa mitaani kabisa, ingawa mwanzilishi ni Mmarekani, hilo siwezi kulificha.

Na kuna Mandela. Tarehe 1 Februari 1975, yuko Robben Island, anamwandikia mkewe Winnie aliyekuwa amefungwa Kroonstad, anamwambia selo ni mahali pazuri pa kujifunza kujijua, na anamshauri ajaribu kutafakari kama dakika 15 hivi kila siku kabla ya kulala. Hataji yoga wala India wala dini yoyote. Mfungwa anamwelekeza mfungwa mwenzake.

“Yaani mnawastarehesha wahalifu kwa pesa zetu?”

Kwanza, wahalifu gani? Kwenye darasa langu kuna waliohukumiwa na kuna wa rumande ambao hakuna hakimu aliyesema wamekosa, wamekosa tu pesa ya dhamana, na Katiba yetu kifungu cha 50 inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Pili, pesa zipi, hatulipwi. Tatu, kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zile zilizopitishwa upya 2015 na kupewa jina la Mandela, kanuni ya 23 inasema mfungwa asiyefanya kazi ya nje apate angalau saa moja ya mazoezi kwenye hewa ya wazi kila siku, kwa hiyo kunyoosha mwili si zawadi.

Lakini kinachonikera zaidi ni hilo neno starehe. Anayesema starehe hajawahi kukaa kimya na nafsi yake dakika kumi bila simu. Chukua Tihar, ile jela kubwa ya Delhi. Kiran Bedi alipokuwa mkuu wa magereza pale kati ya 1993 na 1995, waliingiza kozi ya vipassana ya siku kumi, na Aprili 1994 wakakalisha kozi moja ya wafungwa zaidi ya elfu moja kwa mpigo. Vipassana haina mikao kama yangu, ni kukaa na kutazama pumzi na hisia za mwili. Unaamshwa saa kumi alfajiri, unakaa karibu saa kumi kwa siku, huongei na mtu, mlo wa mwisho wa maana ni kabla ya adhuhuri. Nimewahi kujaribu toleo la raia, siku ya nne nilikuwa natafuta sababu ya kutoroka na mie nilijipeleka mwenyewe! Mtu aliyefanya jambo baya akikaa hivo, lile jambo linamjia bila pazia. Mtu akitaka kumkwepesha mhalifu na dhamiri yake ampe televisheni.

“Mwalimu yeyote wa yoga anaweza kuingia akafundisha”

Hii dhana nilikuwa nayo mie mwenyewe, na ndo inayoniuma zaidi kuikumbuka.

Nilikuwa nimezoea kufundisha kwa Kiingereza cha studio ambapo maneno yote yanateleza kama sabuni. Wiki moja kabla ya kuanza nikakaa usiku nikageuza kila kitu kwa Kiswahili, nikajiona fundi. Jumatano ikafika, tuko kwenye ukumbi wao wa ibada, sakafu ya saruji, madirisha ya juu juu, wanawake 18 na afande mmoja mlangoni, na mie kwa ile sauti yangu laini niliyoifanyia mazoezi nikasema, simameni, tanueni miguu, mikono juu.

Mikono ikapanda. Ikapanda haraka mno, yaani kabla sijamaliza neno, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anapumua. Mie sikuelewa, nikaendelea na karatasi yangu, pigeni magoti, sasa laleni chini kifudifudi. Na pale mmoja wa mstari wa nyuma akatoa kicheko kile cha puani, akasema, “Ticha, bado pingu tu.”

Wote wakaangua kicheko, hata afande, na mie nikacheka huku uso unawaka, manake ndo kwanza nikajisikia nilichokuwa nasema. Lala chini, mikono juu, piga magoti, tanua miguu. Kwa Kiingereza huwezi kulisikia lakini kwa Kiswahili kila neno kwenye karatasi yangu lilikuwa neno la polisi. Ndo waliyoambiwa usiku wa kukamatwa, ndo wanayoambiwa wakipekuliwa, na wengine walishayasikia kwa mume kabla hawajayasikia kwa serikali. Nilikuwa nimewakamata upya, kwa sauti laini.

Nilirudi nyumbani nikaichana ile karatasi. Nikaanza kutafuta maneno kwenye kazi wanazozijua mikono yao. Badala ya mikono juu, nyoosha mikono kama unaanua nguo kwenye kamba iliyo juu kidogo. Badala ya tanua miguu, kaa kama uko juu ya mbuzi unakuna nazi, na hapo sikuhitaji kueleza kitu, nyonga zote zikakaa sawa na migongo ikaegemea mbele vile inavyotakiwa, mie kwenye studio nilikuwa natumia dakika tano kueleza jambo hilo. Lala chini ikawa tandika mgongo sakafuni ukiona uko tayari, au baki umekaa.

Na hilo “ukiona uko tayari” lina hadithi yake. Wiki ya pili niliwaambia, ukipenda inua mkono wa kulia, au wa kushoto, chagua wewe. Wanawake 18 wakageuka wakamwangalia afande. Afande naye akaniangalia mie. Nadhani tulikaa hivo sekunde tano lakini niliziona ndefu. Mtu anayeambiwa saa ya kuamka, saa ya uji, saa ya kuoga, achuchumae kwenye mstari ahesabiwe asubuhi na jioni, taa ya wodi hata haimzimikii, huyo ukimwambia chagua mkono hajui kama ni mtego. Ilichukua wiki mbili tatu mpaka mikono ikaanza kupanda kila mmoja na wake. Watu wakiniuliza nafundisha nini hasa huwa nawaambia ni kile, mkono upi, wengine wanadhani natania.

Mengine niliyojifunza ntayataja harakaharaka, mengi ni ya kawaida kwa wanaofundisha watu wenye kiwewe. Simgusi mtu kumrekebisha. Sitembei nyuma ya watu. Hakuna anayelazimika kuupa mlango mgongo, kwa hiyo tunakaa kwa duara au migongo ukutani. Macho wazi au yamefungwa, shauri ya mwenyewe. Simuulizi mtu kesi yake, akiniambia nasikiliza. Na namaliza kwa saa niliyosema, manake nikichelewa wakaitwa kuhesabiwa, mateso yake ni yao si yangu.

“Inawatuliza, wanakuwa wapole”

Hii wanaipenda hata wakubwa wa magereza na ndo mara nyingi inatufungulia geti, kwa hiyo nikiipinga nakata tawi nililokalia, lakini acha niipinge. Wazo lenyewe ni kwamba kutafakari ni kutoa mawazo kichwani, kichwa kikiwa kitupu mtu anapoa kama maji ya mtungi. Hakuna kichwa kinachokuwa kitupu. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya aina hii kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts 1979, na baadaye yakaingizwa magerezani kulekule miaka ya tisini, hakusema popote uache kufikiri. Kinachofundishwa ni kutambua, hili ni wazo, hii ni hasira inapanda kifuani, hili ni goti linauma. Pale kwetu kelele haziishi, funguo, masufuria, mtu anaitwa jina, mtoto analia (watoto wadogo wanaruhusiwa kukaa na mama zao mpaka miaka minne, na kuna mmoja anayefanya mkao wa mbwa vizuri kuliko mwalimu). Zamani nilikuwa naomba ukimya. Sai nawaambia sikia funguo, hiyo ni sauti tu, inakuja, inapita, angalia mwili umefanya nini ulipoisikia.

Na kwa baadhi ya watu kukaa kimya kunaleta balaa. Kuna dada mmoja, wiki yake ya kwanza, alifunga macho tulipokaa mwishoni, na baada ya dakika mbili hivi akaanza kutetemeka, pumzi fupi fupi, mikono imekakamaa. Wenzake wakaanza kunong’ona kwamba amepandisha, kwamba yoga imemwitia pepo, na nikajua tu kwamba shangazi wa Kisauni angefurahi. Haikuwa pepo. Ni mwili umekumbuka kitu ambacho siku zote anakizuia kwa kujishughulisha. Nilimwita jina, nikamwambia afumbue macho, asukume nyayo zake sakafuni kwa nguvu, anitajie vitu vitano anavyoviona. Akataja dirisha, akataja viatu vya afande, akataja ndala, kufika kitu cha nne pumzi ikaanza kurudi. Mtafiti Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, ametumia miaka mingi kuyakusanya madhara kama haya kwa watu wanaotafakari, hofu, kukosa usingizi, kumbukumbu mbaya kufumuka, na anasema yapo na yasifichwe. Kwa hiyo anayekuambia haidhuru kitu, mkimbie. Watu wenye kiwewe kikubwa au wenye kusikia sauti kichwani wanahitaji daktari kwanza, kwetu wanakaribishwa kunyoosha viungo macho wazi basi.

Alafu kuna hili la upole. Kama shida ni kwamba wodi ya watu 30 wanalala 70, pumzi haitaongeza kitanda. Dada mwingine, kesi yake imeahirishwa mara sijui ngapi, aliniambia hakimu alipotaja tarehe nyingine tena alijikuta anavuta hesabu nne anatoa hesabu sita vile tulivofanya, badala ya kupiga kelele kizimbani kama mara iliyopita ambapo ilimponza. Sayansi yake si ya ajabu, ukivuta pumzi moyo unaongeza mwendo kidogo, ukitoa unapunguza, kwa hiyo ukirefusha ile ya kutoa unaupunguza mwendo kwa makusudi. Nilifurahi, sikatai. Lakini alikuwa na haki ya kupiga kelele. Pumzi haijampatia wakili, na mie sitaki kuwa yule mtu anayewafundisha watu kuvumilia kitu ambacho kingetakiwa kurekebishwa. Hapo nazunguka na jibu sina.

“Imethibitishwa inawabadilisha” / “Hakuna ushahidi wowote”

Zote mbili si sahihi. Oxford walifanya utafiti uliochapishwa 2013, magereza saba ya Uingereza, wafungwa 100 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine yoga wiki kumi, wengine wakiendelea na maisha yao kama kawaida. Wa yoga walisema hali zao za moyo ni nzuri zaidi na msongo umepungua, na kwenye mtihani wa kompyuta, ule wa kubonyeza ukiona alama moja na kujizuia ukiona nyingine, walikosea mara chache kuliko wenzao. Huo wa kujizuia ndo ulionivutia, manake ni nusu sekunde tu lakini watu wengi niliokutana nao pale ndani wamefungwa kwa ajili ya nusu sekunde. Sweden nao 2017, magereza tisa, watu 152, wiki kumi, dakika 90 kwa wiki, wakapata mambo yanayofanana, usingizi bora, uchokozi umepungua. Kuna na ule wa Boston wa 2014 kwa wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu, si wafungwa, baada ya wiki kumi asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, kwa wenzao ambao hawakufanya ilikuwa asilimia 21.

Sasa, hizi ni tafiti ndogo, za wiki kumi, na sehemu kubwa ni mtu kujaza fomu anajisikiaje. Lile ambalo wafadhili wanapenda kulisikia, kwamba mtu akifanya yoga harudi jela, huo ushahidi ni mwembamba, na aliyetoka akakuta nyumba imeuzwa na watoto wametawanywa kwa ndugu hatazuiwa kurudi na mkao wa mti. Nikiandika ripoti naandika wamelala vizuri, nusu ya watu wananiona sina malengo makubwa.

“Asiyefanya mikao hajifunzi”

Afande mmoja aliniuliza kwa nini nisimtoe kwenye orodha yule wa ukutani, manake wiki saba anakuja, anakaa, hanyooshi hata kidole, nafasi yake angepewa mwingine. Nikamwambia afande, yule ndo anahudhuria kuliko wote. Afande akaona nazunguka maneno. Wiki ya nane nikamuuliza kama kawaida, leo ungependa kujaribu na sisi? Siku zote hunyamaza anaangalia chini. Siku ile akaniangalia akasema, “Leo sitaki.” Nikasema sawa. Akaegemea ukuta, akanyoosha miguu yake yote miwili mbele, akakaa.

“Tuwachangie mikeka?”

Hili najua linatoka kwa moyo mzuri, kila nikipandisha habari za darasa kuna watu watatu wanne wanataka kununua mikeka ya yoga. Mikeka haihitajiki. Tunatumia blanketi zao zilizokunjwa mara mbili, na mikao mingi tunayoifanya inawezekana umekaa kwenye kiti au kitandani, Prison Phoenix Trust kwa miaka wamekuwa wakiwatumia wafungwa barua na vitabu ili mtu afanye peke yake selo ambamo hata kugeuka ni tabu. Mikeka tuliyowahi kuletewa, ya zambarau, mizuri, iko stoo.

Mnaotaka kuleta kitu leteni sodo. Wakati mwingine zinapungua na kuna wanaokosa darasa kwa sababu hiyo tu, na hawasemi, wanasema wanaumwa kichwa. Sabuni ya kipande pia, na nguo za ndani mpya za saizi kubwa kubwa. Vipelekwe getini siku za kazi kabla ya saa sita, uandikishe jina, simu unaiacha hapohapo. Na msiombe kupigwa picha na wafungwa mkikabidhi.